Mwezi wa Kumi na Tano

Kwa zaidi ya miaka 20 nimekuwa nikifundisha Kiswahili katika shule ya sekondari huku magharibi ya Uganda, na kila mwaka hufika katika somo la saa na tarehe. Huwaeleza wanafunzi kwamba Mswahili huanza kuzihesabu saa za mchana jua linapochomoza, na kwamba saa moja ya asubuhi ndiyo saa saba ya Mwingereza. Watoto wa Ankole hawalioni gumu, kwa kuwa lugha yao nayo huhesabu vivyo hivyo. Sikudhani hata siku moja kwamba somo hilo, ambalo mimi hulimaliza kwa vipindi viwili, lingekuja kunitahini mwenyewe, wala kwamba ningeshindwa.

Mwaka 2022 alinijia binti mmoja wa kidato cha sita, hodari wa hesabu na fizikia, akitaka kuomba nafasi na msaada wa ada katika chuo kimoja cha Marekani. Kwa nini alikuja kwa mwalimu wa Kiswahili? Niliwahi kumsaidia kijana mwingine kujaza karatasi za pasipoti, basi watu wakanipa ubingwa wa fomu. Nami, walimu wenzangu, sikuukataa ubingwa huo. Binadamu hupenda kusifiwa.

Tulianza vibaya. Tulipoteza majuma mawili tukihangaika na fomu ya serikali yao iitwayo FAFSA, kumbe msaada wake ni wa raia wa Marekani na wakazi wachache wanaokubaliwa. Mwanafunzi wa kigeni hapati kitu humo. Kwa mgeni, msaada hutoka katika mfuko wa chuo chenyewe. Vipo vyuo vichache, kama Harvard, Yale, Princeton na Amherst, ambavyo humpima mgeni kwa elimu yake bila kuutazama uwezo wake wa kulipa, kisha humtimizia mahitaji yake. Vilivyo vingi huutazama uwezo huo kabla ya kumpokea, na mara nyingi asiyeomba msaada pamoja na nafasi hana ruhusa ya kuuomba baadaye. Chuo cha binti yetu kilikuwa katika kundi hili la pili. Kwa hiyo siku ya mwisho ya kupeleka karatasi za fedha ilikuwa na uzito sawa na mtihani.

Siku hiyo, kwa duru ya mapema, iliandikwa 11/01. Nikaisoma kama nilivyofundishwa tangu utoto, siku kwanza, kisha mwezi. Nikamwambia, "Mwanangu, una muda mpaka tarehe 11 Januari. Maliza mitihani yako kwanza." Akanitii.

Jioni moja mwishoni mwa Novemba alisimama mlangoni pa chumba cha walimu, karatasi mkononi. "Shikamoo mwalimu. Samahani, mwezi wa kumi na tano ndio upi?"

Nikacheka, nikidhani ni mzaha wa wanafunzi. Akanionyesha siku ya mwisho ya karatasi za fedha kwa duru ya kawaida, 02/15. Kicheko kikaniishia kooni. Wamarekani hutanguliza mwezi. 11/01 ilikuwa tarehe mosi Novemba, nayo ilikwisha pita majuma kadhaa nyuma, mimi nikiwa nimeketi na kikombe cha chai, nikimwambia mtoto wa mwenziwe asiwe na haraka.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kiruhura kumweleza baba yake. Mzee huyu anakijua Kiswahili vizuri, kwani katika ujana wake alikuwa utingo wa malori ya Mombasa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kitambo, kisha akauliza, "Mwalimu, mlango mwingine upo?" Nikamwambia upo, maombi mwisho tarehe 5 Januari, na karatasi za fedha tarehe 15 Februari. Akauza mbuzi. Fomu ya fedha, CSS Profile, ilitozwa dola 25 kwa chuo cha kwanza, na kwa kuwa hakuna kati yetu aliyekuwa na kadi ya kulipia ng'ambo, tuliazima ya mwalimu wa hisabati.

Hapo ndipo kazi ya lugha ilipoanza hasa. Fomu iliuliza mshahara wa mwaka, na mzee hajapata kupokea mshahara tangu aache malori. Iliuliza idadi ya watu wanaotegemea nyumba hiyo, akataja kumi na mmoja, wakiwamo watoto wanne wa marehemu ndugu yake. Mimi nilizoea kuwafundisha wanafunzi kwamba mtoto wa ndugu ni mtoto wako. Fomu ilitaka nieleze amezaliwa na nani na analishwa na nani. Kisha ikaja thamani ya mali. "Ng'ombe wangapi, mzee?" Akanitazama kana kwamba nimemvunjia heshima. Kwake yeye, mtu hatamki hesabu ya ng'ombe wake mbele ya mgeni. Tuliongea mpaka jua likazama. Mwishowe alimwita binti, akamnong'oneza, na binti akaandika. Mimi nikageuza uso nikatazama zizi.

Maombi yenyewe hayakutusumbua, maana fomu ya pamoja itumiwayo na vyuo zaidi ya 1,000 huhesabu saa za mahali alipo mwombaji. Lakini ofisi ya fedha ya chuo ilihesabu saa za Mashariki ya Marekani. Usiku wa tarehe 15 Februari umeme ulikatika, na mtandao ukatoweka nao. Binti akalia. Nikachukua chaki nikapiga hesabu ubaoni kwa mwanga wa tochi, mara mbili, kisha mara ya tatu, kwa sababu sikujiamini tena: wakati wa baridi wako nyuma yetu kwa saa nane, dakika ya mwisho ya usiku wao ni saa moja na dakika 59 ya asubuhi yetu, tarehe 16. Umeme ulirudi saa kumi na moja alfajiri. Karatasi ya mwisho iliondoka saa kumi na mbili na robo, majogoo yakiwika.

Mwishoni mwa Machi jibu lilikuja: orodha ya kungojea. Kwa mgeni aliyeomba fedha, orodha hiyo mara nyingi haisogei, nayo haikusogea. Je, tarehe mosi Novemba ingembadilishia jibu? Swali hilo nimekwisha kulala nalo sana. Binti aliingia Makerere Agosti 2023 kusomea uhandisi, na hajanitamkia neno la lawama, jambo ambalo halinipunguzii uzito. Ubaoni sasa mwezi nauandika kwa herufi.

Mara ya mwisho nilipokutana na baba yake mnadani alinishika mkono, akanisogeza kando ya watu. "Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "wale ng'ombe tuliowahesabu kwenye karatasi, jina langu bado liko kule?"