Neno “Hakuna” katika Daftari la Munje

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili ambayo aghalabu hayamtaabishi msomaji ni neno hakuna. Mtoto hulijua kabla hajajua kuhesabu, na mgeni hujifunza siku ya kwanza anapokwenda dukani kutafuta kitu. Hata hivyo, huko Munje, kijiji cha wavuvi katika pwani ya Msambweni, neno hilo liliwahi kuzua mgogoro wa fasiri baina ya mzee mmoja mwenye daftari na tarakimu moja iliyochapwa katika ripoti. Mgogoro huo wahusu uhakiki kuliko unavyohusu samaki, ingawa samaki ndio waliokuwa hatarini.

Mzee huyo, mvuvi wa malema kwa miaka mingi, ndiye aliyekabidhiwa daftari la bandari. Kanuni za mwaka 2007 zilizounda vikundi vya kusimamia fuo nchini Kenya ziliwapa wavuvi wenyewe sehemu ya kazi ya kuweka kumbukumbu za bahari yao, naye aliifanya kwa hati iliyonyooka: tarehe, chombo, mtego, aina ya samaki, kilo. Aliandika tafi siku moja na tasi siku nyingine, kwa kadiri ya aliyemtajia samaki alivyomwita, maana Munje i karibu na mpaka na lahaja hazina kizuizi cha forodha. Na pale ambapo hapakuwa na uzani wa kuandika, katika safu ya kilo aliandika neno: hakuna.

Mwaka 2018 mtafiti mmoja mgeni alilinakili daftari hilo katika kompyuta, akapiga hesabu, akaandika ripoti. Wastani wa kilo kwa chombo kwa siku ulikuwa mdogo mno. Tarakimu hiyo ikaanza kutajwa katika mazungumzo ya kupunguza malema na kufunga sehemu ya mwamba, na mzee aliposomewa alitikisa kichwa. Bahari imepungua, alisema, hilo halina ubishi; lakini haikupungua namna hiyo. Ila alikuwa na kumbukumbu tu, na ripoti ilikuwa na tarakimu.

Bahati ni kwamba mgeni hakuacha ripoti peke yake. Katika kidude kidogo cha kuhifadhia mafaili aliacha pia hati ya amri, yaani matini yenye kila agizo aliloipa kompyuta, mstari kwa mstari. Alitumia R, mazingira ya kupigia hesabu za takwimu yaliyobuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, Nyuzilandi, miaka ya mwanzo ya 1990, kwa kufuata lugha ya S iliyoanza katika maabara za Bell, Marekani, mwaka 1976. Katika R mtu aweza kuandika amri moja moja na kujibiwa papo hapo, kama mazungumzo ya barazani; na kama mazungumzo ya barazani, hubaki jibu, likasahauliwa swali. Afungapo, programu humwuliza iwapo ayahifadhi mazingira ya kazi. Wengi hukubali, wakidhani kwamba wameihifadhi kazi. Walichokihifadhi ni majedwali na tarakimu, yaani matokeo yasiyo na nasaba. Kazi yenyewe ni zile amri, nazo huhifadhika zikiandikwa katika faili lake, ambalo siku nyingine, kwa mkono mwingine na juu ya daftari jingine, laweza kusomwa tena na kompyuta toka mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

Binti wa mzee, aliyekuwa akisomea takwimu chuoni, alirudi nyumbani kwa likizo mwaka 2022 akiwa na kompyuta yake. Alilifungua faili lile, akaiamuru R ilisome lote. Wastani uliotoka haukuwa ule wa ripoti. Ulikuwa mkubwa zaidi, tena mkubwa mno, na chini yake palikuwa na onyo.

Daftari lilikuwa lilelile, na hati haikubadilika hata nukta. Kilichobadilika ni msomaji. Hadi toleo la 4.0.0 lilipotoka, Aprili 2020, R ilikuwa na desturi ya kuchukua kila safu yenye maneno na kuigeuza kuwa orodha ya makundi, kila kundi likapewa namba ya mahali pake katika orodha. Kwa ajili ya neno hakuna, safu nzima ya kilo ilihesabiwa kuwa ya maneno. Siku nne tu zatosha kuonyesha yaliyofuata: kilo 12, kilo 3.5, kilo 4, na siku ya hakuna. Zikipangwa kama maneno, “12” hutangulia kwa kuwa huanza na moja, kisha “3.5”, kisha “4”, na “hakuna” huwa mwisho. Hati ilipoagiza safu igeuzwe tarakimu, zilizotoka ni namba za mahali: kilo 12 zikawa 1, kilo 3.5 zikawa 2, kilo 4 zikawa 3, na siku ya hakuna ikawa 4. Siku ya mikono mitupu iliishinda siku ya neema! Wastani wake ni 2.5, na hapakutokea onyo lolote. Toleo jipya huyaacha maneno yakawa maneno. Likiagizwa kugeuza hakuna kuwa tarakimu, hushindwa, huonya, na huacha nafasi tupu. Na kwa kuwa hati iliagiza nafasi tupu zirukwe, wastani ukawa wa siku tatu: 6.5. Bahari iliyokuwa maskini kupita kiasi ikawa tajiri kupita kiasi.

Mhakiki wa fasihi hawezi kulishangaa jambo hili. Matini moja mbele ya wasomaji wa zama mbili hutoa maana mbili, na aliyeyajua mazoea ya zama za kwanza ndiye awezaye kusema kosa liliingia wapi. Tungo za Muyaka bin Haji zilitufikia kwa njia iliyo karibu na hiyo. Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, alizikusanya pamoja na W. E. Taylor, na zikafuatana na maelezo yaliyotaja kisa na neno gumu. Bila ya maelezo hayo, beti nyingi zingesomeka na zisifahamike. Hati ya amri nayo ina pembezoni zake: alama ya reli huiambia R iyapuuze maneno yanayofuata katika mstari huo, ili yasomwe na binadamu. Katika hati ya mgeni pembezoni zilikuwa tupu.

Suluhisho jepesi lilikuwa kuandika kwamba hakuna ni sifuri. Kwa siku zile nne wastani ungekuwa karibu kilo 4.9, na mambo yangeishia hapo. Binti alikwisha kuanza kuuandika mstari huo, kisha akasita, akamwendea baba yake uani na daftari mkononi.

“Baba, hapa umeandika hakuna. Hakuna nini?”

“Hakuna samaki, mwanangu.”

“Na hapa, Julai?”

Mzee aliutazama ukurasa. “Hapa kusi ilikuwa kali. Hakuna aliyekwenda.”

Neno moja, basi, na hali mbili zisizochanganyika. Chombo kilichokwenda kikarudi kitupu ni sifuri, na sifuri huushusha wastani kwa haki. Chombo kilicholala ufukweni si sifuri. Siku yake haimo katika hesabu ya uvuvi kabisa. Hakuna kompyuta, ya toleo la zamani wala jipya, ingeweza kuutambua mpaka huo.

Jioni tatu walikaa na daftari. Kurasa nyingine mzee alizikumbuka kwa dhoruba, nyingine kwa msiba. Siku za Ijumaa hazikuhitaji kukumbukwa, maana yeye na wenzake hawaendi baharini siku hiyo, na R hujua kuitambua Ijumaa kwa tarehe tu. Siku ambazo sababu yake ilikuwa imepotea, binti aliziweka kando, akaagiza wastani utolewe mara mbili: zikihesabiwa sifuri, na zikiachwa nje. Alilihifadhi faili la mgeni lilivyokuwa, pamoja na kosa lake, na kando yake akaweka faili jipya lenye tarehe, toleo la R, na maelezo ya Kiswahili juu ya kila uamuzi, pamoja na ule wa kuwahesabu tafi na tasi kuwa samaki mmoja. Tarakimu mbili zilizotoka zilikuwa juu ya ile ya ripoti na chini ya ile ya onyo. Mzee alisema zote mbili zaweza kuwa kweli.

Kabla ya kurudi chuoni, binti alimwomba baba yake aandike tangu hapo maneno tofauti: “tupu” kwa chombo kilichorudi bila kitu, na “hatukwenda” kwa siku ya kulala. Mzee alikubali. Ijumaa iliyofuata, kwa mkono uliozoea, aliandika: hakuna.