Mavi ya Kale Hunuka: Tulivyohama Subversion Kwenda Git

Samahani kwa kimya cha wiki tatu. Sikuwa mgonjwa wala sikuchoka kuandika. Nilikuwa nahamisha nyumba, ila si yangu: msimbo wa kampuni ninayofanyia kazi hapa Nairobi, kutoka Subversion hadi Git.

Kwa wale wasioandika programu: watu watano wakishughulikia faili zilezile, lazima wawe na mfumo wa kutunza matoleo. Mfumo huo huweka kumbukumbu ya nani alibadilisha nini, lini na kwa nini. Ukiharibu kitu leo, unarudi jana. Subversion, iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2004, huweka historia yote kwenye seva moja. Git, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005 kwa ajili ya Linux, humpa kila mtu nakala ya historia nzima katika kipakatalishi chake. Seva yetu ilikuwa tarakilishi kuukuu chini ya meza. Stima ikipotea, hakuna aliyeweza kuhifadhi badiliko wala kusoma historia. Tulikaa tukitazamana.

Mkubwa wangu alitaka kazi iishe kwa siku moja. "Chukua msimbo wa leo uweke kwenye Git. Huko nyuma unatafuta nini? Mavi ya kale hayanuki."

Nilikataa, na sababu ninayo. Programu yetu hukokotoa mishahara. Oktoba 2024, makato ya NHIF yalipoondoka na SHIF ya asilimia 2.75 ikaingia, mimi ndiye niliyepewa marekebisho. Nikakuta sharti moja la ajabu lililowaruka wafanyakazi fulani hadi wiki ya mwisho ya mwezi. Nilikuwa tayari kulifuta. Nikatazama historia kwanza, nikakuta mwenzetu aliyeacha kazi zamani ameandika: "Usiguse. Hawa ni vibarua wa kila wiki. Jumlisha mwezi mzima ndipo ukate." Piga hesabu mwenyewe. Kibarua wa shilingi 3,000 kwa wiki hupata 12,000 kwa mwezi, kwa hivyo hukatwa 330. Kiwango cha chini cha SHIF ni 300 kwa mwezi. Bila sharti lile, programu ingemkata 300 kila wiki, yaani 1,200. Sentensi tatu za mtu aliyekwisha kuondoka ziliokoa chakula cha watu.

Mkubwa alinipa wiki mbili. Zikawa tatu.

Subversion hutambua mtu kwa jina fupi tu, kama "admin". Git hutaka jina kamili na barua pepe, kwa hivyo unaandika faili inayolinganisha majina yote. Tulikuwa na 11, na mawili hakuna aliyeyajua hadi nilipompigia simu mwenzetu yuleyule wa zamani. Kisha programu ya git-svn huchota matoleo moja baada ya jingine. Kupitia mtandao ilitambaa kama kobe, na usiku wa pili stima ikapotea. Mwishowe nilinakili ghala lote la Subversion kwenye kipakatalishi changu na kulihamisha hapohapo. Kulipopambazuka, matoleo zaidi ya 6,000 yalikuwa yameingia.

Kabla ya kuwagawia wenzangu, nikaipekua historia nzima kutafuta siri, kwa sababu kila nakala ya Git hubeba kila kitu. Ndipo nikaiona: nywila ya hifadhidata yetu, imeandikwa wazi ndani ya faili. Jina la aliyeiweka? Langu. Nilikuwa mwanagenzi, mwezi wangu wa kwanza. Nakumbuka niliiondoa kesho yake nikadhani mambo yamekwisha. Lakini kufuta mstari hakufuti historia, na nywila ileile ilikuwa bado inatumika.

Niseme ukweli, nilishawishika. Kuna chombo kiitwacho git filter-repo ambacho kingeifuta kimyakimya, na mkubwa asingejua kamwe. Lakini kufuta picha ya ufunguo hakubadilishi kufuli. Yeyote aliyewahi kunakili msimbo ule anao ufunguo bado. Kubadilisha nywila kulihitaji kusimamisha programu tatu, na hilo lilihitaji ruhusa yake.

Nikaenda. Akauliza, "Nani aliiweka?"

"Ni mimi."

Akanyamaza kwa muda mrefu. "Badilisha Jumamosi usiku. Jumatatu uwaeleze wengine wote wasije wakafanya hivyo."

Jumamosi nikabadilisha nywila, kisha nikaisafisha historia, kwa mpangilio huo. Jumatatu nikasimama mbele ya wenzangu nikasimulia kosa langu, pamoja na tarehe yake. Kijana aliye kwenye uanagenzi sasa alinifuata baadaye kunionyesha faili yake. Nayo ilikuwa na nywila. Tuliitoa kabla hajaihifadhi.

Nilipigania historia kwa sababu ya maneno ya mwenzangu, nikasahau kwamba na yangu yamo. Bado ningeipigania. Ukihama, hama na vyote, lakini pekua kabla ya kufungua mlango. Na ukihifadhi badiliko, andika kwa nini. Kuna mtu atakayesoma.

Haya, niambieni: kwenu mmeshahama, au seva bado iko chini ya meza?