Kivuli Ndicho Kiupacho Uso Uhai

Katika nyumba nyingi za Kigali, tangu Nyamirambo hadi Kimironko, haikosekani kalamu ya risasi ndani ya mkoba wa mwanafunzi. Wengi huiona kuwa ni ya hesabu tu. Hata hivyo, kifaa hicho cha bei ndogo chaweza kufanya kazi kubwa zaidi, nayo ni kuihifadhi sura ya mtu.

Nchini Rwanda jambo hilo lina uzito wake. Katika jumba la kumbukumbu ya mauaji ya kimbari huko Gisozi, lililofunguliwa mwaka 2004, kimo chumba cha picha zilizotolewa na jamaa za Watutsi waliouawa mwaka 1994. Zipo familia zilizobakiwa na picha moja tu, ndogo na iliyofifia. Ajuaye kuchora aweza kuinakili kabla haijapotea kabisa.

Mwanagenzi huchora mzingo wa uso, macho na mdomo, akadhani amemaliza. Uso hubaki bapa kama sahani, kwa kuwa umbo huletwa na mwanga na kivuli. Hivyo, kwanza auchunguze upande wa pua wenye giza, ajue mwanga ulitoka wapi. Akitaka kujizoeza kwa mtu aliye hai, amketishe kando ya dirisha asubuhi. Kigali iko karibu nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta. Adhuhuri jua huwa karibu na utosi, na macho humezwa na kivuli cha nyusi.

Kalamu hiyo, licha ya jina lake, haina risasi. Ndani yake mna grafiti iliyochanganywa na udongo, kwa njia aliyoibuni Mfaransa Nicolas-Jacques Conté mwaka 1795. Yenye alama HB yafaa kwa mzingo, 2B kwa mashavu, na 6B kwa giza la chini ya kidevu. Mistari sambamba ichorwe kwa mkono mwepesi, kisha ipishanishwe na mingine panapohitaji kukolea. Paji la uso linalong'aa liachwe jeupe. Kidole kisitumike kusugua, maana mafuta yake huacha madoa. Karatasi iliyosokotwa yatosha.

Grafiti hufutika kwa kuguswa. Kwa hiyo mchoro utiwe katika fremu ya kioo, utundikwe mbali na unyevu, mahali ambapo wajukuu watamtazama bibi wasiyepata kumjua.