Mkate wa Kumimina

Kisiwani Chole, mwendo mfupi wa mashua kutoka Utende, yuko mjane ambaye tangu aolewe hajapata kukosa kupika mkate wa kumimina usiku wa kuamkia Idi. Mizani haijui. Mchele huuteka kwa kibaba, tui hulikisia kwa macho, na chachu huitambua kwa pua. Mwaka juzi aliugua, na alipoinuka kitandani pua ilikuwa imekwenda na maradhi. Maua ya mlangilangi na moshi wa kumbi kwake vikawa kitu kimoja.

Mkate huu si wa ngano. Ni mchele mtupu, uliolowekwa usiku kucha, ukasagwa ukiwa maji pamoja na tui zito, iliki na hamira. Rojo hiyo huachwa iumuke. Sukari hutiwa baadaye, na ute wa yai uliopigwa hata ukafanya povu hufuata. Kisha rojo humiminwa katika sufuria iliyopakwa mafuta na kupata moto. Vitundu vikishachomoza usoni mwa mkate, hufunikwa na kupaliwa makaa juu. Mafia ni kisiwa cha minazi, basi tui si la kutafuta. Mpunga nao hulimwa, zaidi upande wa kaskazini, ingawa mchele mwingi wa madukani Kilindoni huvuka bahari kutoka bara.

Kabla ya hamira ya dukani kuenea, watu wa pwani waliumua mikate yao kwa tembo la mnazi. Mama yake mjane alifanya hivyo, na kwa sababu hiyo bintiye alijifunza kusubiri harufu, wala si saa.

Wajapani nao wana mkate wao wa mchele, uitwao mochi, unaoandaliwa zaidi mwaka unapokwisha. Mchele wao ni ule unaonata. Hulowekwa, hupikwa kwa mvuke, hutwangwa kinuni kwa nyundo kubwa ya mti. Mmoja hupiga, na mwenziwe, mkono umelowa maji, huugeuza mchele baina ya pigo na pigo. Akikosea mwendo, mkono umevunjika. Siku hizi mashine hutwanga majumbani mwao, kama mashine inavyosaga huku kwetu. Lakini kazi ile ya kale haikuwa ya mtu mmoja, na pale Chole nayo imekuwa ya watu wawili.

Mjukuu wa mjane alikuja kutoka Dar es Salaam siku tatu kabla ya Idi. Mkate wa kwanza aliupika peke yake, kwa kufuata saa. Ulilala sufuriani, mzito kama udongo, kwani sukari iliingia mapema. Bibi hakumkaripia. Siku ya pili alikaa juu ya mkeka, bakuli la rojo mbele yao.

"Inanukaje?"

"Chachu, Bibi."

"Chachu ya nini, mwanangu? Ya embe au ya maziwa?"

Binti alinyamaza. Shuleni alifundishwa mengi, lakini hakuna aliyepata kumuuliza harufu ina jina gani. Akainama tena. "Kama dafu lililosahauliwa juani."

"Bado. Funika."

Adhana ya alasiri ikapita. Kuku wakaingia uani, wakafukuzwa. Akafunua.

"Na sasa?"

"Kama nikipita asubuhi chini ya mnazi wa mgema, naye ndio kwanza anashuka na kibuyu."

Mjane alikaa kimya kitambo, kama mtu aliyeitwa kwa jina la utotoni. "Hiyo ndiyo," akasema. "Tia sukari."

Mkate ulipoiva uligeuzwa juu ya sinia, mgongo wake ukiwa na rangi ya kahawia. Kisu kilipopita, ndani mlikuwa na vitundu virefu vilivyosimama, dalili ya mkate ulioumuka sawasawa. Vipande vya kwanza vikapelekwa kwa majirani, kama ada. Kipande cha mwisho bibi alikitia kinywani, akatafuna polepole.

"Mtamu, Bibi?"

"Utamu nausikia," alijibu. "Iliki niambie wewe."