Angalia Vidole

Wakandaji wa mifupa hawakosi wateja Mathare, na wateja wengi hupona. Wakiwa watoto ndio kabisa. Mfupa wa mtoto bado una unyevu, mara nyingi hupinda na kupasuka upande mmoja tu, kama kijiti kibichi, na baada ya wiki chache umeungana. Mzee anapata sifa, mfupa ndio umefanya kazi.

Halafu hesabu. Mama wa kufulia watu nguo akishinda kwenye foleni ya eksirei, siku hiyo hakuna unga. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, inamtaka mtu wa kibarua alipe mwaka mzima mapema, angalau shilingi 3,600. Zitoke wapi?

Kwa hivyo jirani yangu wa Mlango Kubwa alipompeleka kijana wake kwa mzee, sikumlaumu. Mtoto ana miaka sita, aliteleza kwenye ngazi za ploti akajizuia kwa mkono. Kiwiko kikavimba. Mzee akakanda, akaweka vijiti, akakaza kitambaa.

Sasa, kiwiko si mahali pa kukaza. Mfupa wa juu yake ukivunjika, mshipa mkubwa wa damu na neva ziko hapo hapo. Mkono ukiendelea kuvimba ndani ya kitambaa kisicholegea, damu inakosa njia, na misuli huanza kufa ndani ya saa chache. Mjerumani mmoja, Richard von Volkmann, aliyaandika haya mwaka 1881: vidole hujikunja, vinabaki hivyo maisha yote. Tena hata plasta ya hospitali iliyobana inaweza kufanya vivyo hivyo.

Jioni nilipoenda kumwona, vidole vilikuwa baridi na vimepauka. Nikajaribu kunyoosha kimoja, akapiga nduru.

"Si ni uchungu wa kuvunjika tu?" mamake akauliza.

"Mama, hii kitu tuifungue sasa hivi."

Tulikata kitambaa kwa kisu cha sukuma, tukachukua boda. Usiku huo daktari alirudisha mfupa mahali pake na kuushikilia kwa vyuma viwili vyembamba. Vidole vikapata joto.

Siku iliyofuata mamake alirudi kwa mzee, si kugombana. Alimwambia alichoambiwa wodini: vidole viachwe nje, vikipoa au vikifa ganzi kitambaa kitolewe mara moja, na kiwiko kilichovimba kisiguswe kabisa. Mzee alisikiliza. Halafu akauliza kama hospitali ingekubali kuwapokea watoto anaowatuma yeye, hata usiku, hata bila pesa. Mama hakuwa na jibu, na mimi pia sina.