Bodi Haikuwa Imekufa

Wadau, wiki hii sina video. Nina jambo la kukiri.

Sisi vijana wa maikrokontrola tuna ugonjwa mmoja: kitu kikinyamaza, tunasema bodi imeungua. "Hizi za Chaina ndivyo zilivyo." Nimesema hivyo mara nyingi, na mwezi jana maneno hayo yalimgharimu shosho yangu shilingi 1,500.

Shosho anaishi Bahati, hapa nje ya Nakuru, na ana inkubeta ya mayai 48. Joto linafaa kukaa karibu nyuzi 37.5 kwa siku 21. Huko stima hupotea bila hodi, kwa hivyo nilimtengenezea kifaa: Arduino Uno inasoma joto, na likishuka inaiambia moduli ya SIM800L itume SMS kwa simu yake. Hizo mbili huongea kwa seriali, waya mbili tu: mdomo wa huyu, yaani TX, kwa sikio la yule, yaani RX, na kinyume chake. Kwangu Free Area kilifanya kazi safi kabisa.

Usiku wa siku ya 17 stima ikapotea. Shosho amelala, simu iko kando ya mto, SMS wapi! Asubuhi mayai yalikuwa baridi kama mawe. Tulipata vifaranga 9.

Nikapanda matatu na laptopu yangu. Kufungua dirisha la seriali, naona takataka: miraba, alama za kuuliza, herufi za ajabu. Hiyo ilikuwa rahisi. Uno ilikuwa inaongea kwa kasi ya 9600, dirisha linasikiliza kwa 115200. Kubadilisha tu, maneno yakasomeka. Takataka si habari mbaya sana, maana kuna mtu anaongea. Kimya ndicho kibaya, na moduli ilikuwa kimya. Natuma AT, inafaa ijibu OK. Hakuna. Nageuza TX na RX. Hakuna. Taa yake inapepesa kila sekunde 3, maana yake imeshika mtandao, iko hai. Basi nikapiga hesabu yangu: kama moduli ni nzima, aliyekufa ni Uno.

"Shosho, bodi imeungua."

Hakuuliza swali. Akaingia ndani, akarudi na noti za mayai amezifunga kwa kona ya leso.

(Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021, lakini kwa spea hizi mimi bado hungoja kifurushi kutoka Luthuli, Nairobi.)

Bodi mpya ikafika. Kimya kilekile.

Hapo ndipo niliacha programu nikaanza kufuata waya. Uno ilikula umeme wa pawabenki. Moduli ilikuwa na betri yake ya lithiamu, kwa sababu ikiongea na mtandao inaweza kuvuta hadi ampea 2, na Uno haina ubavu huo. Vyanzo viwili si kosa. Lakini volti hupimwa kati ya sehemu mbili. Uno ikisema "juu", ni juu kuliko graundi yake. Kama graundi ya betri haijashikana na ile ya Uno, moduli haina pa kupimia, haijui juu ni wapi na chini ni wapi. Waya huo ulikuwepo nikijaribu kwangu. Wakati wa kufunga boksi niliuchomoa kwa mkono wangu mwenyewe. Niliona ni wa ziada, tena unazuia kifuniko.

Nikaurudisha. AT. OK.

Nikachomoa bodi mpya, nikaweka ile "maiti". AT. OK.

Kinachoniuma ni kwamba hiyo maiti ilikuwa inaniandikia maneno yanayosomeka kwa laptopu dakika ileile naitangaza imekufa. Nilijiambia labda ni zile pini mbili za moduli zimeungua. Sawa, basi ningeweka taa ndogo na rezista kwa pini moja nione kama inawaka na kuzima. Dakika tano. Sikufanya, kwa sababu kusema "imeungua" hukufanya uonekane fundi.

Nilimwambia shosho ukweli. Alicheka kwanza, halafu akauliza, "Sasa hiyo ingine ni ya nini?"

Nimemrudishia 1,000, imebaki 500. Ameweka mayai mengine 48. Leo ni siku ya 6.