Kilo 32,767

Mama mhazini alikuja ofisini kwetu Ruhuwiko na daftari lake. Nikamwamkia, akaitika, kisha akasema, "Mwanangu, hesabu haikubali." Kikundi chake kilipeleka ghalani kilo 34,180 za mahindi, lakini stakabadhi iliyotoka kwenye programu yangu ilisema 32,767. Nilimjibu kwamba kompyuta haikosei, akajumlishe upya. Jibu hilo linanichoma mpaka leo.

Alijumlisha upya mara tatu. Alikuwa sahihi yeye.

Kabla ya msimu nilikuwa nimeandika majaribio 400 ya programu hiyo, na idadi hiyo niliipenda mno. Yote yalimhusu mkulima wa gunia 5, gunia 12, gunia 40. Yaani swali moja nililiuliza mara 400. Mwenzangu alipendekeza tujaribu mzigo wa kikundi kizima, fuso tatu nne kwa mpigo. Nikasema muda hatuna. Jaribio hilo moja lisingechukua hata dakika mbili.

Uzito nilikuwa nimeuweka kwenye hifadhidata kama namba ya biti 16, ambayo kikomo chake ni 32,767. Kwa jinsi nilivyoipanga, namba ikizidi hapo haikataliwi wala hakuna onyo. Inashushwa hadi kikomo kimyakimya. Na sikuwa mgeni wa mambo haya. Glenford Myers, mwandishi wa mambo ya upimaji wa programu, alifundisha tangu 1979 kwamba kasoro zitafutwe mipakani. Roketi ya Ariane 5 ililipuka tarehe 4 Juni 1996, sekunde 40 hivi baada ya kuruka, kwa namba iliyozidi nafasi ya biti 16 hizo hizo. Kisa hicho nilikuwa nikiwasimulia vijana wa mafunzo.

Jioni nilipogundua kosa niliyaweka kando yale 400, nikaandika 9 ya mipakani tu: sifuri, nusu kilo, uzito hasi, 32,767, 32,768 na mengine ya namna hiyo. Matatu yalifichua kasoro.

Kilo 1,413 zilizopotea kwenye stakabadhi ya mama, kwa shilingi 700 kila moja, ni shilingi 989,100. Nilimfuata mama nyumbani kwake, nikamweleza kosa ni langu, nikamwomba radhi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na wenzetu je?"

Nikafungua stakabadhi za msimu mzima. 32,767 ilijitokeza mara mbili zaidi. Kikundi kimoja kilikuwa kimeshagawana fedha.